Mama Mkwe Ndani ya Darubini ya Bunduki

Ipo siku moja ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, na wewe uliyeingia na hicho kiboksi ukitabasamu umenirudisha kwenye siku hiyo bila kujua. Unasema ni darubini ya bunduki, ina taa nyekundu pembeni, na kwamba wenzako wote wanaowinda huko upande wa Kilwa yetu ya ziwani wanayo. Sawa. Kaa chini kwanza. Usiifunge kwenye bunduki ya marehemu babu yako kabla sijamaliza kusema, maana bunduki hiyo naijua, na nyinyi vijana wa leo mna haraka kama mnafukuzwa.

Miaka ile Lubumbashi ilikuwa imeanguka. Kazi za mgodini zilikufa, watu wenye ufundi wao wakarudishwa nyumbani mikono mitupu, na bei ya unga ya asubuhi haikuwa tena ile ya jioni. Wanajeshi hawa waliingia, wale wakatoka, na kila kundi lililopita liliondoka na kuku wa mtu. Babu yako Kabwe alikuwa fundi umeme. Alipokosa kazi, akachukua bunduki ya baba yake akaanza kuwinda, nasi tukalima mahindi nje ya mji, upande wa Luano. Nyama aliyoileta tuliila, na nyingine tulibadilishana kwa unga. Kwa hiyo ile bunduki ndiyo iliyokuwa sufuria yetu. Sikuichukia, na sijaichukia hadi leo.

Basi dereva mmoja aliyetoka mpakani Kasumbalesa akampa Kabwe darubini kwa mapaja mawili ya swala. Kabwe alichagua ile inayovuta mbali kuliko zote. Mwanaume akiona kitu kirefu kinachong'aa, akili inakwenda likizo. Huko porini kwetu miti imebanana, mnyama anatokea karibu na anaondoka upesi, kwa hiyo kila alipoweka jicho, Kabwe aliona magome ya miti makubwa ajabu na swala hakumwona. Akarudi siku kadhaa bila kitu, akisema porini kuna uchawi. Nikamwambia uchawi umeufunga mwenyewe juu ya bunduki. Hakucheka.

Chini ya mtutu alifunga pia kitaa chekundu, kama hicho chako. Kitufe chake alikibandika kwa utepe pale mkono unaposhika, ili mkono ukikaza tu taa iwake. Alinionyesha siku moja kwenye ukuta wa nyumba yetu pale Katuba, alama ndogo nyekundu kama punje ya mtama ikitembea juu ya matofali. Juani haikuonekana kabisa. Kivulini ilionekana vizuri mno.

Sasa lazima nikueleze bukwe, kwa sababu nyinyi mmeanza kukaa meza moja na wakwe zenu mkigombania rimoti. Zamani zetu mwanaume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mwanaume aliacha njia, akaingia majanini, akageuza mgongo mpaka mama apite. Kama walikuwa na neno, lilipita kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua chache tu na kila mmoja anamsikia mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na Kabwe aliishika kuliko mwanaume yeyote niliyemjua. Mama yangu alimsifu kwa hilo kwa majirani wote.

Siku hiyo tulitoka Katuba kwenda shambani, mama yangu na mimi. Mama alikuwa amembeba mgongoni mtoto wetu Numbi, ambaye leo ni mama yako wewe. Ilikuwa mchana, lakini wingu la mvua lilikuwa limefunika mpaka ukadhani ni magharibi. Kabwe alikuwa shambani tangu jana yake, juu ya kilingo, akilinda mahindi, kwa sababu njaa ilikuwa imewafanya watu kuvuna yasiyo yao. Majani ya njiani yalitufika mabegani. Mama alitangulia, mimi nikamfuata. Njia inazunguka shamba kwanza, kwa hiyo kilingo kilikuwa ubavuni mwetu.

Nikasikia Numbi anacheka. Nikainua macho nione kinachomchekesha, nikaona ile punje nyekundu juu ya bega la mama, kwenye libaya, blauzi yake ya kitenge. Ilikuwa inatetemeka kidogo. Mtoto alinyoosha mkono aishike, ikamkwepa, ikapanda shingoni kwa mama, ikarudi, ikatulia kwenye paji la uso la Numbi. Mwanangu, nimezaa watoto saba na kuzika wawili, lakini sijawahi kupata baridi kama ile iliyoniingia mifupani. Sikupiga kelele. Nilimsukuma mama yangu mzazi kwa mikono miwili, tukaanguka majanini sisi sote, na mtoto akaanza kulia.

Kabwe akashuka akaja mbio. Alipofika karibu na kuona ni mama mkwe aliye chini kwenye tope, akafanya alichofunzwa: akasimama, akageuza mgongo, bunduki mkononi. Akaniambia mimi, kwa sauti ya upole kabisa:

"Mama Numbi, umuambie Mama asiogope. Nilikuwa naangalia tu ni nani anakuya, ju kama ni yeye nishuke nitoke mu njia mbele ya yeye kufika. Ni heshima njo nilikuwa namupatia."

Unasikia hiyo? Alimwelekezea mama yangu mtutu wa bunduki ili apate kumheshimu. Na hakuwa anadanganya. Darubini imekaa juu ya bunduki. Ukitaka kuona kwa darubini, lazima bunduki nayo igeukie unakotazama. Mkono wake ulikaza kushika vizuri, taa ikawaka, na yeye aliyekuwa ameshughulika kutafuta sura hakuiona ile punje nyekundu inatembea wapi.

Mama alikuwa amekaa chini, anajifuta tope. Akaniambia bila kumgeukia, "Umuulize kama mu ile bunduki muko risasi."

Nikarudia, ingawa Kabwe alikuwa amesikia.

"Umuambie hamuna," akasema Kabwe.

"Umuambie afungule, tuone."

Nikarudia tena. Kabwe akavuta chuma cha bunduki nyuma, na risasi moja nzima ikaruka ikaangukia topeni, karibu na mguu wangu. Kabwe akaitazama ile risasi, akachuchumaa.

"Nilizani niliitosha mu bunduki asubui," akasema. Hakuwa akimwambia mtu.

Mama yangu akafungua kitenge, akanikabidhi Numbi. Akasimama, akamzunguka Kabwe, akaja kusimama mbele yake. Nilitaka kumzuia, kwa maana jambo hilo kwetu halifanyiki, na mikono yangu ilikuwa imejaa mtoto. Kabwe akajifunika uso kwa viganja.

"Kabwe, tosha mikono," mama akasema. "Uliniangalia na bunduki. Leo utaniangalia na macho."

Akaiondoa mikono. Alikuwa analia, mwanaume mzima.

"Ungeniua, na mu kilio ungesema ulikuwa unaniheshimu. Na bantu bangekuitika. Sasa sikia. Ukitaka kujua ni nani anakuya, uulize jina. Hata ikuwe mwizi wa mahindi, uulize jina. Na mi nikipita pa njia yako, usinikimbie tena. Nitakuangalia mu macho mpaka nikufe, ju kila siku ukumbuke ni muntu gani uliweka mu ile kintu."

Na alifanya hivyo. Tulipata watoto wengine, vita vikapungua, mama akazeeka, na kila alipokuja nyumbani alimsalimia Kabwe uso kwa uso. Wazee wa ukoo walimgombeza mama, hakuwajali. Kabwe aliitikia salamu, lakini macho yake hayakuweza kupanda juu ya mikono ya yule mama hata mara moja.

Kwa hiyo nakuambia wazi, mwanangu. Darubini ya bunduki ni ya kumaliza kazi, si ya kuuliza maswali. Ukitaka kutazama, nunua darubini ya mkononi, ile ya macho mawili, ujue kwanza ni nini kilicho mbele yako na nini kiko nyuma yake, ndipo bunduki ipande begani. Kwa msitu wetu chagua inayovuta kidogo, yenye kioo kipana, utaona mnyama badala ya magome. Ukiifunga, nenda mahali penye kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi, upige kwa risasi zilezile unazowindia, uirekebishe mpaka ipige unapolenga. Ikianguka au ikigongwa, urudi uanze upya. Hiyo taa nyekundu usiiamini: mstari wake na njia ya risasi vinakutana mahali pamoja tu, kwingine vinadanganyana, na jua kali linaimeza. Mimi ningekuomba uirudishe dukani. Kama huwezi, basi isiwake kamwe juu ya mtu, wala ukutani kwa mchezo, wala kwa kumchekesha mtoto. Na kabla hujafika kwa watu, fungua bunduki, utazame kwa jicho, uingize na kidole. Usiniambie unadhani. Kabwe naye alidhani.

Mungu akupe subira ya kuuliza jina. Akulishe kwa mkono wako, akurudishe nyumbani ukiwa na nyama au bila nyama, na yeyote atakayekuona unakuja njiani afurahi kukuona. Na siku mama yako atakapokuangalia usoni, macho yako yaweze kumrudia. Nenda, mwanangu, umechelewa kumsalimia. Yuko jikoni anakusubiri.