Adabu Niliyompa Mgombea wa Marekani

Kwa miaka mingi, mgeni kutoka ng'ambo akija kanisani kwetu, mimi ndiye niliyesimama pembeni yake kumtafsiria. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo kazi hiyo iliniangukia bila kupigiwa kura. Na sisi huku milimani tuna namna yetu ya kutafsiri ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Mgeni anasimama mbele ya wazee wenye mvi, anasema tu kwamba amefurahi kufika. Shikamoo hakuna, salamu za kwao hakuna, pole na kazi hakuna. Ukiyapeleka maneno hayo kama yalivyo, kanisa zima litamhesabu kuwa hakulelewa, kumbe maskini wa Mungu kwao ndivyo wanavyosalimiana. Basi mkalimani anajazia. Nilikuwa nasema, "Bwana Yesu asifiwe. Mgeni wetu anasema shikamooni wazee, vijana hamjambo, anawapa pole na kazi za mashamba, na ndugu wote wa kwao wanawasalimu." Mgeni alikuwa ananitazama akishangaa sentensi yake moja ilivyozaa nne.

Mara moja tu nilipitiliza. Mgeni mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kwaya inakaribia kumaliza. Nikawaambia watu kwamba amebarikiwa sana na kwaya. Wakamwimbia nyimbo tatu nyingine, za beti zote, na yeye akazisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika saa yake.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kilichonipata na siasa za Marekani.

Siasa hizo nazipenda, sitaficha. Nimestaafu, nina bustani ya kabichi na pilipili hoho nyuma ya nyumba hapa Lushoto, na mchana wa Jumamosi nikishamwagilia sioni dhambi kukaa na kuwasikiliza watu wakitukanana kwa Kiingereza kizuri. Ni ugomvi wa mbali: kelele zinatufikia, mawe hayatufikii. Mume wangu husema mawe nayo yanatufikia, tena yanatua kwenye bei ya mbolea, na sijawahi kumshinda kwa hilo.

Ila nina maneno yangu juu ya wagombea wa kule. Kwanza, kampeni yao haiishi. Unapanda viazi wanaahidi, unavuna wanaahidi, unapanda tena na bado wanaahidi. Pili, kila mmoja anasimama kwenye jukwaa linalong'aa na kuwaambia watu waliovaa vizuri kwamba nchi imekwisha, imeoza, na ni yeye peke yake anayeweza kuiponya. Nikiwatazama wale watu walivyonawiri najiuliza, huo uozo uko wapi? Waje waone barabara ya Mtae wakati wa masika. Tatu, wanagombania idadi ya watu waliohudhuria mikutano yao. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anataka kukabidhiwa nchi kubwa namna ile, na anapoteza robo saa akibisha kwamba uwanja wake ulijaa kuliko wa mwenzake. Halafu kuna hili la wageni. Wanawasema watu wanaohamia kwao kama vile wao wenyewe waliota pale pale ardhini. Na kura zikihesabiwa, aliyeshinda anasema mfumo ni safi, aliyeshindwa anasema ameibiwa. Hapo tu ndipo huwa najisikia niko nyumbani.

Msikilizaji mwenzangu mkubwa ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye aliteremka zamani kwenda kulima Mnazi, bondeni kule kwenye joto, na siku za soko anapanda kutuletea mahindi na maneno. Kiingereza hajui. Macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo televisheni aliiangalia kwa masikio, na masikio yake yalikuwa mimi. Midahalo yao hufanyika sisi tukiwa tumelala. Tulikuwa tunayasikiliza marudio yake Jumamosi, mume wangu akiwa kwenye kigoda chake anachambua maharage.

Sasa, vyama vyao viwili vikubwa, kimoja alama yake ni punda na kingine ni tembo. Mtu wa Mnazi huwezi kumwambia hivyo akanyamaza. Kule tembo wanatoka hifadhini, wanaingia kwenye mahindi yaliyokomaa, na msimu mzima unaishia matumboni mwao. Shemeji alisema siku ya kwanza kabisa kwamba upande wa tembo hawezi kwenda, hata kwa dawa. Mimi nikamkumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke, nikachukua tembo. Nilikuwa na sababu zangu za maana, lakini nikiwa mkweli, nilimchukua kwa ubishi. Yeye ni shemeji yangu, utani ndio chakula chetu.

Siku moja mwendesha mdahalo aliwauliza juu ya watu wanaohamia nchini mwao. Mgombea wa punda alimwita mwenzake mwongo. Nikatafsiri sawasawa, sikupunguza hata punje. Zamu ikaja ya mgombea wangu. Huyo alimwaga maneno ambayo kwetu mtu hamwambii hata mbwa aliyeiba nyama: ujinga wa mwenzake, udhaifu wake, na aibu anayoiletea nchi. Nikamwona shemeji amesogea mbele, mikono magotini, anasubiri. Ulimi wangu wa kanisani ukatangulia.

"Anasema, ndugu yangu, unisamehe kama nitakukwaza. Nakuheshimu, ila katika hili sikubaliani na wewe."

Mume wangu alikohoa. Kiingereza chake ni kidogo, ila kinatosha kuyajua matusi.

"Hebu rudia, shemeji," yule wa Mnazi akasema. Nikarudia, na mara ya pili nikaongeza "kwa heshima zote."

"Huyu wako amelelewa," akasema. "Wangu ameanza na kumwita mtu mwongo. Na wako wala hakurudisha."

Ningeweza kuishia pale. Sikuishia, kwa sababu ilikuwa tamu mno. Jumamosi tatu mfululizo nilimvika yule mgombea wangu nguo mpya. Akimkatiza mwenzake, mimi nilisema ameomba ruhusa. Akijisifu, mimi nilisema anawashukuru wazee waliomtangulia. Siwezi kujitetea kwamba ni mazoea tu. Kanisani nilimvika kila mgeni, lakini hapa nilimvika mmoja, na mwenzake nikamwacha uchi. Jumamosi ya tatu shemeji aliondoka akisema itabidi afikirie upya habari za tembo, na mimi nikacheka peke yangu jikoni mpaka machozi.

Wiki iliyofuata alikuja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Akaishia hapo. Kila siku shikamoo yake ilikuwa na mkia: mara nimenenepa kwa jasho la kaka yake, mara kabichi zangu zimekonda kama mimi. Siku hiyo ilikuja peke yake, na nikajua kuna jambo. Akaketi, chai akaiacha ipoe, akaeleza.

Alikuwa kwa kinyozi, Mnazi, na watu walikuwa wanazungumza habari za Marekani. Pale wote ni upande wa punda, kwa sababu wote wamewahi kulala mashambani wakipiga madebe kuwafukuza tembo. Yeye akasema yuko tofauti nao sasa. Akasema mgombea wa tembo ana adabu, akitukanwa anaomba radhi. Wakabisha. Akawaambia, shemeji yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, ametafsiria wageni madhabahuni, mnamjua nyie kuliko mimi? Basi redio ya kinyozi ikaleta habari kwa Kiswahili, wakaweka sauti ya mgombea mwenyewe, na mtangazaji akatafsiri matusi yote, moja baada ya jingine.

"Wamecheka mpaka kinyozi akaweka mashine chini," alisema. "Mimi nimenyolewa nusu kichwa, siwezi hata kuondoka."

Nilitaka kucheka. Nilipomtazama, hamu ikanitoka.

"Kucheka si neno," akaendelea. "Nimechekwa sana katika maisha yangu. Lakini juma lijalo wanakuja hospitali ya hapa wale madaktari wa macho, wageni, ni Kiingereza kitupu. Nilikuwa nimekuweka wewe unitafsirie. Sasa daktari akisema neno, nitajuaje kama ni lake au ni lako?"

Nikamwomba msamaha, akasema amesamehe, na alikuwa amesamehe kweli, si mtu wa kinyongo. Ila alisema atatafuta mtu mwingine. Akatua mahindi yake, akaenda kulala kwa binamu yake mjini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe.

Siku zile nilikosa raha. Mume wangu hakunigombeza. Alisema tu, huku akitupa mawe ya maharage, "Ulitafsiri vizuri sana," na hilo lilinichoma kuliko kugombezwa. Mdogo wake alikuwa amebakiwa na masikio tu, na mimi niliyachezea. Jumamosi ilipofika sikuiwasha televisheni.

Siku ya madaktari nilikwenda hospitali bila kuitwa. Watu walikuwa wamejaa toka asubuhi, wengine wametoka Shume, wengine Mtae, wazee wameshikwa mikono na wajukuu wao. Shemeji alikuwa kwenye benchi, peke yake. Mtu aliyemwahidi hakutokea, na nesi mmoja ndiye aliyekuwa anawatafsiria wote, anakimbia chumba hiki na kile mpaka sauti imemkauka. Nikamsalimu. Akaijua sauti.

"Kaa," akasema. Nikakaa. Baada ya muda akasema, "Nataka ya daktari. Ikiwa mbaya, iwe mbaya. Usinipikie."

"Sikupikii."

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mwenye uchovu wa watu mia. Hakusalimia. Nilisikia ulimi wangu ukianza kuandaa salamu kwa niaba yake, nikaung'ata. Alimmulika macho kwa muda mrefu, la kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Kisha akasema, akinitazama mimi, maneno machache, makavu: jicho la kulia limeharibiwa na presha ya jicho, mshipa wake umekufa, upasuaji hautasaidia kitu.

Shemeji aligeuza uso kunielekea. Mikono ilikuwa magotini, vilevile kama Jumamosi zile. Nilikuwa na maneno mengi mazuri kinywani. Ningeweza kusema daktari anampa pole mzee, kwamba watajaribu, kwamba kwa Mungu hakuna lisilowezekana. Ningeweza kusema hayo yote kwa upendo, na hakuna mtu chumbani mle ambaye angenigundua.

"Jicho la kulia limekufa," nikasema. "Halitaona tena. Hata akilipasua."

Mkono wake ulipanda ukaligusa lile jicho, kwenye kope, taratibu, ukashuka.

"Hakusema pole?"

"Hajasema."

Akatikisa kichwa polepole. Nilikuwa nalia, na nilifurahi kwamba hanioni, halafu nikaona aibu kwa kufurahia hilo. Daktari alisubiri kidogo, akavuta kiti chake karibu, akaanza kueleza jicho la kushoto. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nikamwomba arudie, nisije nikakosea.

"La kushoto ni mtoto wa jicho," nikamwambia shemeji. "Anaweza kumtoa kesho. Anasema utaona. Si kama kijana, lakini utaona njia, utaona nyuso za watu, na ukivaa miwani utasoma."

Akainama mbele, sikio lake likawa karibu na mdomo wangu.

"Hilo ni la kwake, au la kwako?"

"La kwake. Lote."

Akakaa wima. Uso wake ukalegea, akautafuta mkono wangu, akaushika kwa nguvu, na akaniambia nimuulize daktari kesho aje saa ngapi.