Sute, Mtoto wa Njiapanda

Jina lake Sute, yaani aliyetupwa, na kwa miaka arobaini aliamini kwamba jina hilo linasema kweli. Mama yake, Towa, alimwita "kitu cha njiani" hata mbele ya wageni. Halafu kulikuwa na jirani yao, Ine. Kwa nini kila mwaka mpya alimletea Sute keki ya mchele kubwa kuliko ya kaka yake? Tangu utotoni Sute aliwachunguza wanawake hao wawili kwa jicho la pembeni, akilinganisha masikio yao na yake. Hapa pana jambo, alijiambia. Alishaingiwa na shaka, na kwake hata keki ilikuwa ushahidi.

Sasa Towa alikuwa mzee wa kuoshwa na kulishwa, na kaka mtu, Genzo, alitaka Sute amchukue. Sute aligoma. Aliyetupwa amtunze aliyemtupa? Akaenda kwanza kwa Ine, akamkuta akiwakatia viwavi wa hariri majani ya mforosadi.

"Mama Ine, leo usinizungushe. Ni wewe uliyenizaa?"

Ine alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mimi? Na pua hiyo? Sikiliza, we mwana. Baba yako alikuwa kwenye mwaka wake wa mkosi, ule umri unaovuta balaa nyumbani, na ndugu zako wawili waliomfuata Genzo walishazikwa. Tukapanga mama yako akuache njiapanda ndani ya ungo, mimi nipite na ufagio nikuzoe kama takataka, mkosi usikutambue. Kisha nikurudishe. Sharti moja tu, mama asigeuke nyuma."

"Akageuka?"

"Nilikuta ungo mtupu! Kesho yake tena vilevile, kakukwapua kakimbia. Siku ya tatu baba yako alimfungia ghalani, ndipo nikakuokota. Wewe unalia huku, yeye analia kule."

"Mbona hajawahi kuniambia neno zuri?"

"Aseme anakupenda, mkosi usikie?"

Sute alitoka bila kuaga. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Alikwenda moja kwa moja kwa Genzo, akamkuta mama yake kibarazani, kajikunja, macho yameshafifia.

"Nani huyo?" Towa aliuliza. "Ah. Kitu cha njiani."

"Ndiyo, mama," Sute alisema, akachuchumaa mbele yake ambebe mgongoni. "Nimekuja kukuokota."