Makovu ya Moto Ndani ya Paini

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Jumanne, mdogo wangu alinipigia simu kutoka mlimani. Nilikuwa karakanani kwangu katika soko la Gikomba mjini, napiga randa ubao wa kitanda.

"Kaka, msitu unawaka. Nimeshapigia ofisi ya msitu. Sasa naita watu."

Nyuma ya sauti yake nilisikia debe likigongwa, kisha simu ikakatika.

Alikuwa akilima viazi ndani ya msitu wa serikali, kama wazazi wetu walivyolima. Mkulima hupewa kipande kilichokatwa miti. Hupanda viazi, na katikati ya viazi hutunza bila malipo miche ya misonobari, ile ambayo sisi mafundi huiita paini. Miche ikishakua na kufunika jua, mkulima huhamishiwa kipande kingine. Moto ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kuupiga kwa matawi mabichi, bila malipo vilevile. Ndugu yangu hakuwa na shamba lingine. Ada ya watoto wake ilitoka hapo.

Mvua ilizima moto keshoye jioni. Siku mbili baadaye askari wa msitu walimwambia asikanyage kipande chake mpaka kikao kifanyike. Sababu ilikuwa ile simu aliyopigia ofisi yao. Aliyeona moto kabla ya wote, walisema, bila shaka ndiye aliyeuwasha.

Mimi sikusomea misitu. Ninachokijua nimekipata kwa msumeno na kwa vitabu vikuukuu vinavyouzwa chini barabarani. Paini haikuwa mti wa mlima ule. Ililetwa na wakoloni, ikapandwa palipokuwa na mianzi na mitarakwa. Majani yake kama sindano yana utomvu, na katika baridi ya juu hayaozi upesi. Basi moto huja, ukaenda, ukarudi. Ukiwa mdogo hupita chini, hula takataka na kuunguza gome upande mmoja. Mti haufi. Huotesha mbao mpya juu ya jeraha, na miaka mingi baadaye fundi akipasua shina hukuta mstari mweusi uliopinda. Nina rafu nzima ya vipande vya namna hiyo. Kimoja, kilichotoka upande uleule wa mlima, kina makovu matatu, yote ya kabla ndugu yangu hajapewa kipande pale.

Kwa nini mioto ile mitatu ilikuwa midogo? Jibu analijua kila mwanamke wa kijiji chetu cha mlimani. Walikuwa wakiokota kuni kavu kwa kibali cha kila mwezi, na msitu ukafagiliwa. Mwaka uliotangulia moto huu vibali vilifutwa, eti msitu upumzike. Matawi makavu yakaegemea mashina, sindano zikafika magotini. Moto ulipofika hapo ulipata ngazi ya kupandia hadi vileleni.

Nilipanda mlimani na kile kipande cha mbao chenye makovu matatu ndani ya mfuko wa unga. Kikao kilifanyika nje ya ofisi ya msitu, mbele ya ndugu yangu na wakulima wenzake. Bwana msitu alikuwa kijana mpole mwenye buti safi.

"Ulijuaje kuna moto kabla yetu?" alimuuliza ndugu yangu.

"Kwa macho, afande. Nyinyi mlikuwa kwa chai."

Watu walicheka. Nilitamani wasicheke.

Nikasimama, nikaonyesha makovu, nikaeleza habari ya kuni. Bwana msitu alikipokea kipande kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga.

"Fundi, unayosema ni kweli. Chuoni tulifundishwa hivyo hivyo. Lakini ripoti ina mahali pa kuandika chanzo cha moto. Nikiandika sindano, wakubwa wataniuliza nani alikataza kuni."

"Na nani alikataza?"

"Wakubwa."

"Kwa hivyo utaandika nini?"

"Mkulima. Hapo hakuna atakayeuliza swali."

Nyuma yangu mzee mmoja alinong'ona, "Safari ijayo nikiona moshi, nafunga mlango nalala." Hakuna aliyemkemea. Nadhani ndivyo watakavyofanya wote.

Ndugu yangu hakushtakiwa, maana ushahidi haukuwepo. Alinyang'anywa kipande tu, viazi vikiwa bado ardhini. Alikuja kwangu na mke na watoto, na sasa tunaishi sote katika nyumba ya vyumba viwili. Alikodi mkokoteni. Vijana wa Gikomba walimpokea kwa kelele: "Mzee wa viazi, sukuma! Hapa hakuna ng'ombe wa kukuvutia!"

Miti iliyoungua iliuzwa kwa mnada, na baada ya wiki chache malori yalianza kushusha paini yenye kingo nyeusi. Mbao za namna hiyo hazifai meza, lakini kwa chaga za kitanda, ambazo godoro hufunika, hazina neno. Nilipiga hesabu, nikanunua. Aliyenisukumia mzigo hadi karakanani alikuwa ndugu yangu. Alipitisha kidole kwenye masizi, akakitazama.

"Hizi ni za kule kwetu," alisema.

"Ndiyo."

"Za bei gani?"

Nilimwambia. Alijipangusa kidole kwenye suruali, akaanza kushusha.

Nilichukua futi elfu moja na mia tano za mbao hizo. Ukilinganisha na bei ya paini isiyoungua, niliokoa shilingi elfu kumi na nane.