Ruhusa Kutoka Majoreni

Nilikuwa nakuna nazi uani kwangu, Ukunda, saa tatu asubuhi, niliposikia gari limesimama mlangoni na wanawake wengi wanateremka. Mmoja akaanza kulia. Nikaacha kukuna. Nina kaka Msambweni mwenye presha, nina shangazi mgonjwa Lunga Lunga, nina wanangu wawili wanaoshinda barabarani na pikipiki zao. Nikajua yamenifika, nikabaki kuuliza tu ni yupi.

Nikatoka mikono imejaa nazi. Walikuwa kumi na wawili, wamejifunga leso juu ya mabuibui, wamebeba unga, sukari, majani ya chai. Aliyetangulia alikuwa bibi mwembamba, macho mekundu, kikapu kwapani.

"Makiwa, mwanangu," akasema.

"Shikamoo, bibi. Nani? Niambie upesi, nani?"

"Marahaba. Si yule ndugu yako wa redio? Tumeelekezwa kwamba alikuwa akikaa hapa."

Salale! Ndimi ninayeliliwa!

"Bibi," nikamwambia, "wa redio ni mimi."

Akaacha kulia pale pale. Akanitazama tangu utosini hadi nyayoni, kisha akaniambia, kwa ukali hasa, "Hebu sema tena." Nikamsemea kwa sauti yangu ya kazini, ile ya saa sita na nusu mchana: "Asalaam alaikum, wa Vanga na wa Majoreni, wa Kinango mpaka Samburu. Mwenzenu nimefika." Mama mmoja nyuma akaangusha mfuko wa sukari ukapasuka. "Ni yeye! Wallahi ni yeye!" Wakanivamia wote kwa mpigo, huyu ananibusu, huyu ananifinya mkono aone kama una damu, nazi yangu ikawapaka mabuibui yao na hakuna aliyejali.

Sasa nieleze, maana si jambo la kila siku mtu kuletewa unga wa matanga yake.

Kwa miaka kumi na saba nilisoma matangazo ya vifo katika redio moja ya biashara hapa kwetu. Kazi hiyo watu wa vipindi vya muziki waliidharau; waliniita mama wa maiti, na mimi nikawacheka, kwa sababu hakuna kipindi kilichosikilizwa kama changu. Kwetu mtu akifariki alfajiri, huzikwa alasiri. Ndugu aliye shambani Majoreni au aliye na mbuzi wake huko Samburu hana njia nyingine ya kujua ila redio. Kwa hiyo sikusoma jina na kupita. Nilitaja marehemu ni mtoto wa nani, kaoa wapi, shemeji zake ni akina nani, maziko ni msikiti gani au kanisa gani, na ukishuka kwenye gari ufuate njia ipi. Wa msikitini na wa kanisani niliwasoma kwa heshima moja.

Na kila siku, nikimaliza, niliomba ruhusa. Ndivyo nilivyolelewa: hutoki kwenye nyumba ya watu bila kuaga, na ukiaga unangoja upewe ruhusa. Nilisema, "Haya jamani, nipeni ruhusa, chungu changu kiko motoni," kisha nikanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri jibu. Meneja wa kwanza alinigombeza, ati kimya redioni ni hasara. Nilimtolea uvivu, akaniacha na kimya changu. Nilipokwenda kujifungua niliaga. Nilipokwenda Hija niliaga wiki nzima, mpaka wengine wakachoka.

Halafu wakanitoa.

Ilikuwa Jumatatu. Nilifika saa tano na karatasi zangu mkononi, matangazo saba, matatu ya maziko ya alasiri hiyo hiyo. Mlinzi, ambaye siku zote hunifungulia kabla sijabisha, akaangalia chini na kuniambia ameagizwa nipite kwanza kwa meneja. Meneja huyu ni mgeni, mpole wa maneno, na upole wake unaudhi. Akanipa barua. Kampuni inajipanga upya, vipindi sasa vitatoka Nairobi, vimerekodiwa mara moja kwa stesheni nyingi. Tulikuwa wanne: mimi, bwana wa michezo, wa taarabu, na yule wa kilimo aliyeanza nasi tangu studio ikiwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Wote wa zamani. Hakuguswa hata mgeni mmoja.

Nikaisoma barua, nikaikunja. "Haya, nimesikia," nikamwambia. "Nipe dakika moja nikaage."

"Haiwezekani, mama. Sera ya kampuni, anayeachishwa harudi kwenye maiki."

"Mnaogopa nitasema nini?"

Akatazama simu yake. Nikamwekea karatasi mezani. "Na hawa? Watatu wanazikwa leo." Akasema zitashughulikiwa.

Hazikushughulikiwa. Nilikuwa narudi nyumbani kwa miguu, saa sita na nusu ikanikuta mbele ya duka la mchele, na redio ya dukani ikaanza kasida. Fundi wa mitambo hakuwa na kitu cha kujazia nafasi yangu, akaweka kasida nusu saa nzima. Sasa niambieni: mtu wa Pwani akiwasha redio saa ya vifo, asikie kasida tupu, na msomaji aliyezoea kuaga hata akienda kung'oa jino hayupo, ataelewa nini? Wakapiga simu stesheni. Waliopokea waliagizwa wasiseme lolote, nao hawakusema lolote. Siku tisa mimi nimejifungia ndani kwa aibu, nalia kwa hasira, nakataa kupokea simu. Nilijiona kama niliyetoroka nyumba ya watu.

"Tukasema huyu amekufa," bibi akanieleza siku ile, tumeshakaa mkekani na chai yao wenyewe. Ni yeye ambaye amenipigia redioni miaka yote hiyo kuleta vifo vya Majoreni. Sauti yake naijua kama ya mamangu, uso ndio sikuwa nao. Kule mlangoni kilio kilikuwa kimemkwamisha sauti nisimtambue. "Huyu hawezi kutuondokea bila kuaga akiwa na pumzi. Mimi kila siku nilikuwa nakujibu. Ukisema nipeni ruhusa, nasema umeruhusiwa, nenda salama. Na huyu, na huyu. Siku ile nilikaa na redio mpaka alasiri ikaadhiniwa, nikingoja uniombe."

Miaka kumi na saba nilidhani kile kimya ni changu peke yangu.

Hasira niliyokuwa nayo siku tisa ikageuka. Mpaka hapo niliwakasirikia watu wa stesheni kwa ajili yangu. Sasa nikaona wamewafungia mlango hawa, waliokodi gari kwa msiba usiokuwepo. "Bibi," nikasema, "niliwaomba dakika moja wakaninyima."

"Dakika ya nini?"

"Ya kuwaaga."

Bibi akaweka kikombe chini, akafunga leso yake vizuri. "Iko wapi hiyo redio?"

Jamani, laiti mngeona mapokezi ya stesheni yale, viti vinne vya ngozi na ua la plastiki, yanavyoingia wanawake kumi na wawili na kikapu! Mlinzi alifungua kabla hatujabisha. Bibi akamwendea msichana wa mezani akasema, kwa adabu zote, "Tumekuja kuulizia maiti wetu. Mlimficha wapi?" Meneja akatoka mbio. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Simu zikawa zinalia, dirishani watu wa madukani wamejaa, na yeye anatabasamu huku jasho linamtoka. Akanivuta pembeni. Sawa, atanirekodi dakika moja, ila nisome haya, na akanipa karatasi aliyoichapa mbio mbio. Iliandikwa kwamba nimeamua mwenyewe kupumzika ili nihudumie familia yangu.

"Kurekodi hapana," nikasema. "Mikasi yenu naijua. Hewani moja kwa moja, au niwaache hawa wakae hapa mpaka magharibi. Unga wanao."

Akawatazama. Walikuwa wameshaanza kuvua viatu.

Saa sita na nusu nikaketi kwenye kiti changu. Meneja akakaa mwenyewe kwenye mitambo, kidole juu ya kitufe cha kunikata, na kwa kuwa bibi alikuwa amesimama mlangoni hataki kutoka, mlango ukabaki wazi. Taa nyekundu ikawaka. Karatasi yake ilikuwa mbele yangu. Nilijua kwamba nikiisoma, nitakuwa nimewaaga kwa uongo watu walewale niliowasomea ukweli wa wafu wao. Nikaigeuza kifudifudi.

"Asalaam alaikum. Nina tangazo moja tu leo. Mliyesikia kwamba amekufa yuko hai, anakuna nazi Ukunda. Sikupumzika na sikuondoka. Nimeondolewa, mimi na wenzangu watatu, na tukanyimwa kuwaaga. Waliozikwa Jumatatu ile bila kutangazwa, ndugu zao nawaomba radhi. Sina neno baya. Haya, jamani, nipeni ruhusa."

Nikanyamaza, kama kawaida yangu. Kidole cha meneja kilikuwa kinacheza juu ya kitufe. Na kutoka mlangoni, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikasikia jibu.

"Hatukupi!" akasema bibi.

"Hatukupi!" wakaitikia wote ukumbini, kumi na moja, na sauti yote ikaingia kwenye maiki kabla kidole hakijashuka.

Kazi sikurudishiwa, wala sikuiomba. Saa yangu wamempa mtu wa Nairobi anayecheka sana. Lakini mtu akifariki, simu yangu hulia kabla ya ya imamu. Narekodi tangazo kwenye simu, mtoto wa nani, kaoa wapi, ushuke wapi, nalituma kwa akina mama wale, nao huwatumia wengine, na kufikia saa sita na nusu limeshafika Vanga na Samburu. Juzi meneja amenipigia, mpole vile vile, kunikumbusha kwamba kipindi kile ni mali ya kampuni na mimi nimeshaachishwa, basi ninyamaze.

Nimemwambia kuna gari linatoka hapa Ukunda saa mbili asubuhi. Alipande, ateremke Majoreni, avue viatu, amwamkie bibi, aniombee ruhusa. Akipewa, nitanyamaza.