Sherifu wa Hai Cinema

Leo mchana sherifu wa kwenye TV amemnyang'anya askari bunduki.

Niko kwa Mama Akello, Mganda wetu wa matoke hapa mtaani Hai Cinema. Ameweka ile filamu yake ya kauboi ya zamani, nyeusi na nyeupe, ambayo hatuichoki.

Askari akaingia, akalaza bunduki mezani, mtutu ukiangalia sahani yangu. Tangu vita virudi, nani atamwambia kitu?

Kwa TV, sherifu, yule mkuu wa polisi mwenye nyota kifuani, akasema maneno mawili matatu.

Askari akauliza, "Huyo mzee wa nyota anasema nini?"

Mama Akello, bila kuacha kumenya ndizi: "Anasema bunduki inakaa kwa mlango, ndiyo chakula inaletwa."

Jamani. Kiingereza nakijua. Sherifu hakusema hivyo hata kidogo. Nyinyi mngesahihisha?

Askari akaangalia sherifu. Akaangalia sufuria. Akainuka, akaiegemeza bunduki mlangoni, akarudi, akala kwa raha zake.

Akitoka akasema, "Huyo mzee ana akili. Kesho naleta wenzangu wamwone."

Mama akaniinamia. "Wewe ulisoma Nairobi. Kwani mzee alisema nini?"

"Aliuliza kama farasi wake amekula."

"Haya! Si ni mambo ya chakula tu?"