Mbegu Tuliyoila Kabla ya Mwisho wa Dunia

Yule pasta sijamsamehe, na nisiulizwe nitamsamehe lini.

Kanisa letu la mabati liko kando ya barabara inayopitiwa na malori ya viazi, hapa Molo. Mwaka ule alishika Danieli na Ufunuo, akapiga hesabu zake ubaoni kwa chaki, akatutangazia kwamba mvua za Machi hazitatukuta duniani. Anayeweka mbegu stoo, alisema, anamwambia Mungu kwamba hamwamini. Ikaamuliwa tufanye karamu ya kuiaga dunia, kila nyumba ilete mbegu yake ya viazi ipikwe.

Huku kwetu mtu hali mbegu hata akilala njaa. Mama yangu, mjane, alikuwa ameirithi yake kutoka kwa nyanya, akiitunza gizani chini ya nyasi kavu msimu baada ya msimu. Nilimsihi asiitoe.

"Wewe umeenda shule lakini Biblia hujui," akasema. "Beba gunia."

Nikabeba. Nikang'oa machipukizi kwa kucha zangu mpaka sufuria ikajaa. Viazi vilivyochipua ni vichungu, lakini washirika walivila wakiimba. Pasta hakugusa. Alisema amefunga.

Machi ilinyesha vizuri sana. Shamba letu likaota magugu, na mama akaanza kwenda vibarua vya kuwavunia wengine, akilipwa viazi vidogo vidogo. Nyuma ya nyumba ya pasta, viazi vilitoa maua. Kanisani alisema hesabu ilikosea kidogo, na kwamba aliyepanda ni mkewe. Mama alimsamehe Jumapili hiyohiyo. Mimi nilikaa na hasira yangu, nikailisha ikashiba.

Juzi ugonjwa wa mnyauko ulipita shambani kwake ukamaliza kila kitu. Akaja na gunia tupu, akaketi jikoni kwetu.

"Mama, niko na shida. Naomba tu debe moja ya mbegu."

Tulikuwa nayo sasa, imetokana na vile viazi vya vibarua. Nilichota mbegu stoo, nikang'oa machipukizi mbele yake, nikachemsha, nikamwekea sahani.

"Kula, pasta. Leo hujafunga."

Alimtazama mama, maana mama ndiye mwenye kusamehe. Hata mimi nilingoja anikemee. Mama alifuta meza bila haraka, kisha akamsogezea chumvi.