Duru Nne za Tasbihi

Mwaka ule hatukula nyama. Mwambie Msomali yeyote wa Garissa maneno hayo, atajua ni mwaka gani, hana haja ya kalenda. Mvua ilikuwa imekataa kuisha, barabara ya Nairobi imekuwa mto, na mbuzi walidondoka kwa homa kabla hata ya kufikishwa machinjioni. Gari lenye spika likapita mtaani: msichinje, msinywe maziwa mabichi. Tukala mahindi ya manjano yaliyoletwa na ndege, magumu kama changarawe. Unayachemsha tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na bado yanapigana na meno.

Mimi nilikuwa muuza maziwa. Bila maziwa nilikuwa nani? Mwanamke mwenye mitungi mitupu. Nikawa nashinda dukani kwa binti yangu, karibu na soko, alipokuwa akiwachapia watu barua kwa kompyuta aliyouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nilifagia, nikapangusa meza, nikaipangusa na mashine. Hilo la kupangusa nitalirudia, ingawa silipendi.

Sufuria ya mahindi hayo ndiyo iliyommwagikia mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti yangu. Miaka saba. Paja la kulia lote, hadi goti. Msichana aliyekwisha kuhifadhi juzuu ya mwisho nzima, anayewashinda wavulana mbio na bado ana pumzi ya kuwatukana. Leo ni mtu mzima, na ndiye aliyeniambia, "Ayeyo, andika, usifiche kitu." Sifichi.

Hospitali ilikuwa imejaa wagonjwa wa homa. Muuguzi mmoja, kijana wa bara, akatuambia tusimpeleke huko akaokota ugonjwa juu ya kidonda. Yeye mwenyewe atapita dukani kila baada ya siku mbili akienda zamu. Mungu amlipe. Lakini siku ya kwanza alipofungua bendeji, kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama. Tulimshika mtoto watu watatu. Aliniuma mkono, alama ipo mpaka leo. Kisha akanyamaza. Hakulia tena, hakusema, hakutaka maji. Siku mbili anatazama ukuta kama mtu aliyekwisha kuhama. Nimezika watoto wawili. Nayajua macho yale.

Mara ya pili, mteja mmoja alikuwa ameacha mchezo wa gari umefunguliwa kwenye kompyuta. Mtoto akageuza shingo. Akanyoosha kidole kwenye vitufe. Gari likaenda, naye akaenda nalo. Muuguzi alifungua, akaosha, akafunga, na msichana wangu akasema neno lake la kwanza tangu siku ile: "Kushoto!"

Hapo nikatoa amri. "Bendeji haifunguliwi mpaka mchezo ufunguke."

Muuguzi akacheka. "Shosho, kidonda hakijui kompyuta."

"Mwenye kidonda anaijua."

Alidhani natania.

Shida ikawa stima. Dizeli ya kuendesha mitambo ya mji ilikuwa imekwama ng'ambo ya maji, kwa hiyo stima ilikuja saa tatu asubuhi, ikakonyeza, ikazimika, ikarudi. Na saa tatu ndiyo saa muuguzi alipotakiwa kuwa kazini. Kila stima ikirudi, mashine ilianza upya. Inanguruma, inakwaruza kama panya ndani ya gunia, halafu inakaa.

"Inafanya nini?" nikamuuliza binti yangu.

"Inapakia, Hooyo. Kama lori."

Malori nayajua. Nimepakia mbuzi Modogashe kabla hajazaliwa. "Inabakia mbaka lini?" nikasema, maana ulimi wangu na herufi ile hawajawahi kuelewana.

Muuguzi akajipiga paja. "Umesema kweli, shosho! Inabakia tu. Haifiki."

Saa sikujua kuisoma. Nikapima kwa tasbihi yangu, ile ya punje tisini na tisa. Duru nne. Tangu mashine iwake mpaka gari lionekane, duru nne nzima, kama stima haijakonyeza. Mtu asidhani ni kidogo. Kaa wewe na mtoto anayetetemeka mapajani mwako, na kijana ameshika mkasi anaangalia saa yake. Mara mbili aliondoka bila kufungua. Mara ya pili hiyo, bendeji ilikuwa imeanza kunuka.

Nikamgeukia binti yangu kama adui. "Lori gani hili linalopitia kila duka kabla ya kufika kwangu?"

Akaisikiliza mashine ikikwaruza. Halafu akasema, "Ni kweli, Hooyo, linapitia." Kumbe mashine ikiamka ilikuwa inafungua kwanza vitu vyote vya kazi, vya barua, vya mahesabu, vya kuchapisha, ndipo ikumbuke mchezo. Akavitoa vyote kwenye foleni. Akafuta barua za zamani apate nafasi, akauhamisha mchezo kutoka kwenye CD ukakaa ndani ya mashine yenyewe, kwa sababu ile CD ilikuwa inapekuliwa upya kila mara kama mkoba wa abiria kwenye kizuizi cha polisi. Kisha akaiamrisha mashine ikusanye vipande vilivyotawanyika tumboni mwake, kama unavyokusanya ngamia baada ya ukame, kila kimoja kando ya mwenzake. Kazi hiyo ilikula asubuhi mbili za stima. Tukapima.

Duru tatu.

"Punguza tena!"

"Kilichobaki ni kuiongezea memori, Hooyo, na memori inauzwa Nairobi."

Nairobi ilikuwa ng'ambo ya maji pamoja na dizeli. Nilikaa chini sakafuni. Kusema kweli nilikuwa nimefika mwisho wa akili yangu. Binti yangu naye akainama mbele ya lile sanduku la mashine, akainama zaidi.

"Hooyo. Hapa pameandikwa namba gani?"

"Thelathini na tatu," nikajibu kwa fahari. Herufi nilikuja kuzijua baadaye, kwenye darasa la watu wazima, lakini namba nilizijua tangu maziwa.

"Palikuwa na sitini na sita. Nani amegusa kitufe hiki?"

"Mimi. Siku moja napangusa. Kitaa kilikuwa kinawaka bure, nikabonyeza kizime. Ikaja thelathini na tatu. Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu Akbar thelathini na tatu. Nikasema haya, mashine imesilimu. Nikaiacha."

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akakiwekea kidole kile kitufe. "Hooyo, hicho ni kitufe cha mwendo. Umeikata mwendo nusu."

Wallahi, sijawahi kupigwa kofi kama lile. Mimi niliyemtukana kila mtu, niliyeilaani stima na mzungu aliyeuza mashine, kumbe punje nyingi nilizovuta juu ya yule mtoto niliziweka mimi, kwa kidole changu, tena nikiona nafanya jambo la baraka. Nilitoka nje nikasimama kwenye tope. Sikumwomba mtu msamaha. Sikujua nianze na nani. Nilirudi ndani nikakibonyeza mwenyewe.

Kesho yake muuguzi alikuja amevaa mabuti, uso umemkauka.

"Shosho, leo sina mzaha. Nina dakika kumi. Humu ndani kuna usaha. Usiposafishwa leo, tutaanza kuzungumza habari ya kukata mguu."

Stima ilikuwa haijaja. Dakika zikaenda. Mtoto akautazama mkasi, kisha akaanza kuugeukia ukuta, polepole, na macho yale yakaanza kurudi. Huku mguu unaoza, huku mwenyewe anahama, na safari hii nilijua hatarudi. Nilimwomba Mungu taa. Sijawahi kuomba mvua hivyo.

Stima ikaja. Mashine ikanguruma. Sitini na sita. Nikaanza kuvuta punje. Subhanallah zikaisha.

"Basi imewaka, nakata," kijana akasema, akaingiza ncha ya mkasi chini ya bendeji.

"Inabakia," nikasema. Safari hii hakucheka.

"Shosho, toa mkono. Mguu ukipotea utamlaumu nani?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimjua wa kulaumiwa; nilikuwa nimelala naye usiku mzima kitanda kimoja, ngozi moja. Alhamdulillah ya kumi na tisa. Ya ishirini. Mtoto alikuwa ameacha ukuta. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, hakisogei, kinangoja. Nikaufunika mkasi kwa kiganja, nikamtazama machoni kijana wa watu aliyekuja kwetu akivuka maji, nikamwambia:

"Bendeji haifunguliwi mpaka mchezo ufunguke."